Kila Kitu Kwenye Sufuria Kina Zamu Yake: Maongezi na Vijana wa Geto, Tanga

Asalaam aleikum wote, shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele, na nyie vijana mambo vipi? Haya. Hiyo harufu mnayoisikia inatoka kwenye sufuria hiyo hapo pembeni, nimeibandika kabla hamjaingia ili wakati naongea na yenyewe inaiva, kwa hiyo nikikatiza maneno nikaenda kuifunua msishangae, ndo somo lenyewe hilo.

Mimi ni mama lishe, nimepika kwa miaka 22, na wengi wenu humu ndani nimewalisha nawajua kwa sura. Nimeombwa niongee na nyie mnaokaa geto, wenye jiko la gesi la plate moja na mtungi wa kilo 6, juu ya kupika chakula cha kushiba na kitamu kwa vitu vya gengeni. Na kauli ninayoisikia sana kwenu ni hii, "mama, msosi wangu hauna ladha kwa sababu sina hela ya viungo". Wanangu, sio viungo. Mtu mwenye kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, maharage na nazi moja ana kila kitu, anachokosa ni zamu tu, maana anatumbukiza vyote kwa mpigo anafunika anakaa na simu, afu muda wa kula ukifika anatafuta kile kipakiti cha unga wa ladha amwagie juu. Kile kipakiti sehemu yake kubwa ni chumvi. Ladha ilikuwa imeshapotea nusu saa nyuma, pale kitunguu kilipoingia kwenye maji badala ya kuingia kwenye mafuta.

Tuanze na maharage yenyewe. Haya ni nusu kilo, njano, nimenunua soko la Mgandini, na nusu kilo kavu ukishaipika inakaribia kilo moja na robo, yaani watu wanne wanakula wanashiba. Nililoweka jana usiku, asubuhi nikamwaga yale maji nikasuuza nikaweka mapya. Yale maji msiyaonee huruma, yanaondoka na sehemu ya ile sukari inayojaza gesi tumboni, na kingine harage lililolala kwenye maji linaiva haraka zaidi, sasa nyie mnaohesabu mtungi wa gesi hilo ni jambo la kwanza kabisa, kuloweka hakuna gharama, unalala tu.

Halafu hapa nataka mnisikilize vizuri. Maharage, hasa yale mekundu, yakiwa mabichi yana sumu yake ya asili, mtu akiyala hayajaiva anatapika na kuharisha vibaya. Sumu hiyo inakufa kwa kuchemka kwa nguvu, sio kwa moto wa pole. Kwa hiyo yakianza kuchemka acha moto mkali dakika 10 kamili, yatokote kweli, afu ndo ushushe moto. Hata mwenye kile kikapu cha kusindilia nguo kuukuu ambacho unafunika sufuria inajiivia yenyewe, kitu kizuri sana kile, lakini dakika 10 za mtokoto zitangulie kwanza jikoni.

Sasa zamu ya nyanya, na hili nimejifunza kwa uchungu. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa kazi ya kupika kwenye msiba, watu kama mia hivi, nikataka kuokoa muda nikakatia nyanya zote na ndimu mle mle kwenye maharage yakiwa bado magumu. Masaa manne jamani. Kuni zimeisha zimeletwa nyingine, watu wametoka kuzika wamekaa kwenye mikeka, harage ukilitia jino linagoma. Wakala wali na kabichi, na mwenye msiba hakuniambia neno baya hata moja, ndo maana liliniuma zaidi. Akaja bibi mmoja jirani, akafunua, akatia kidole akaonja ule mchuzi, akaniuliza swali moja tu, "nyanya umetia saa ngapi?"

Ukali wa nyanya, wa ndimu, wa ukwaju, wote ni kitu kimoja, ni asidi, na asidi inazuia ile gundi inayoshikilia harage ndani isilegee. Harage likishalainika, tia nyanya unavyotaka, halirudi kuwa gumu. Kabla ya hapo usiguse. Magadi yanafanya kinyume chake, yanalainisha upesi, ila ukizidisha chakula kinanukia sabuni na vitamini zinapungua, kwa hiyo mimi magadi natia tu kama maharage ni ya zamani yamekaa stoo mpaka yamekauka sana, na natia kwa ncha ya kidole.

Ngoja niyaangalie. Haya yameiva, ona, nalibonyeza kwa vidole viwili linapasuka lenyewe kama viazi.

Sasa sogeeni hapa kwenye kikaango, na nyie wa nyuma simameni. Mafuta vijiko vitatu, kitunguu kikubwa kimoja nimekikata vipande vyembamba, na chumvi kidogo juu yake ili kitoe maji. Sikilizeni. Hiyo chwaaa ni maji ya kitunguu yanatoka, na maadamu kuna maji humo joto lake haliendi mbali na nyuzi 100, na kwa nyuzi 100 kitunguu kinalainika tu, hakibadiliki rangi. Wengi hapa ndo mnapotia nyanya, mnaona kimelegea mnadhani kimeiva. Subirini. Dakika sita, saba, moto wa kati, geuza geuza. Sasa sikilizeni tena, sauti imeshuka, imekuwa kama mvua inayokatika, maana yake maji yameisha na joto linapanda. Tazama pembeni, rangi ya chai ya maziwa, inakwenda kuwa ya kahawa, na harufu imebadilika, ile kali ya kutoa machozi imeondoka imekuja nyingine tamu. Hiyo harufu ndo mchuzi wako wote. Hakuna pakiti inayouzwa dukani yenye hiyo.

Kitunguu saumu punje mbili sasa hivi, nusu dakika tu kwa sababu kinaungua haraka kikawa kichungu. Halafu nyanya, nyanya tatu zilizoiva mpaka zimeanza kulegea, zile ambazo muuzaji anakutengea fungu la bei ya chini kwa sababu hazitafika kesho, kwa kuunga ndo nzuri zaidi. Nazo nazipika mpaka zivunjike kabisa na mafuta yajitenge, unaona hapo pembeni kuna mstari mwekundu wa mafuta? Usipouona huo mstari usiendelee, nyanya bado ni mbichi na mchuzi utakuwa na ule uchachu wa nyanya mbichi. Nyanya hizi zimeshuka kutoka Lushoto, na Tanga tuna bahati ya milima ya Usambara hapo juu yetu, mboga zinafika bado zina umande.

Mimi nikikaa kufikiria sufuria hii huwa nashangaa kwa kweli. Nyanya, pilipili, maharage haya, mahindi ya ugali, muhogo, karanga, vyote asili yake ni bara la Amerika, vikavuka bahari kwa meli za Wareno na wengine baada ya miaka ya 1490 na kitu, yule baharia wao Mreno Vasco da Gama amefika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Bibi zetu walizijua kunde na choroko kabla ya hapo. Wakapokea haya mazao mapya wasiyoyajua, wakayaonja, wakayakutanisha na nazi yao, na hawakuwa na kitabu wala video, walikuwa na ulimi na uvumilivu. Kwa hiyo ukisimama jikoni unajaribu kitu, uko kwenye kazi ile ile.

Nazi sasa. Chagua nzito, itikise usikie maji, macho yake yale matatu yawe makavu hayana ukungu, na ukivunja uinuse kabla ya kukuna, ni kweli kabisa wanavyosema nazi mbovu harabu ya nzima. Koroma usichukue, tui lake jepesi. Kuna, tia maji ya vuguvugu kikombe kimoja, kamua, hilo ni tui la kwanza, weka pembeni. Rudia kwa maji mengine vikombe viwili, hilo la pili. La pili linaingia kwanza na maharage na ule mchanganyiko wa nyanya, linatokota robo saa linaingia ndani ya harage. La kwanza linaingia mwisho kabisa, moto mdogo, unakoroga upande mmoja bila kuacha, likianza kufurukuta epua. Ukiliacha litokote kwa nguvu linakatika, mafuta juu maji chini, hata kama halidhuru utamu wake umeondoka.

Haya nimeona mikono. Wewe dada wa mtandio wa kijani? ... Anauliza nyama hawezi kununua mara kwa mara, atapata wapi nguvu. Mwanangu, wali kwa maharage kwenye sahani moja unakupa protini iliyokamilika, kinachopungua kwenye mchele kiko kwenye harage na cha harage kiko kwenye mchele. Na weka dagaa ndani. Vitoe vichwa na matumbo, vioshe kwa maji ya moto, vikaange bila mafuta mpaka vinalia kama majani makavu, vitwange unga, weka kwenye chupa. Kijiko kimoja kwenye mchicha au kwenye haya maharage na utaona mchuzi unakuwa mzito mdomoni. Wasio na nazi tumieni karanga za kusaga, ila zichambueni moja moja, yenye ukungu au iliyosinyaa tupa, usiseme nitaikaanga, sumukuvu, yaani ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa sumu hiyo hiyo ikiwa kwenye mahindi.

Kaka hapo mlangoni? ... Hana friji, kiporo kinachacha. Swali zuri sana, hili nilitaka kulisahau. Kinachochachuka haraka ni tui. Kwa hiyo yakishaiva maharage yagawe kabla hujaunga, nusu ya leo inakwenda kwenye tui, nusu nyingine na maji yake chemsha tena usiku, funika usiifunue, asubuhi uichemshe, mchana unaunga upya kwa kitunguu chako kibichi na tui lako jipya. Umeivisha maharage mara moja umekula siku mbili, na zote mbili umekula chakula cha moto chenye harufu.

Tui la kwanza limeingia, limefurukuta, naepua. Chumvi nimeonja iko sawa. Nipeni sahani ya bibi pale mbele kwanza, halafu nyie pangeni mstari, na kila mtu akishaonja aniambie kama anakisikia kile kitunguu.