Kaladiamu kivulini: toa jicho kubwa, madogo usiguse

Asalaam aleikum wapenzi, karibuni tena uani kwangu hapa Tanga. Huyo mnayemsikia ni jogoo wa jirani, msimjali, hana saa maalumu.

Leo kaladiamu. Hii yenye jani kama moyo, nyekundu katikati na kijani ukingoni, ndiyo wateja wanayoigombania. Mimi kipenzi changu ni hii nyeupe yenye mishipa ya kijani. Umeme ukikatika jioni, wewe umekaa barazani, nyekundu zote zinamezwa na giza, hii peke yake ndiyo unayoiona.

Mama mkwe wangu anaziita magimbi ya mapambo, na hajakosea, maana ukoo ni mmoja. Ila hizi asili yake Amerika ya Kusini, misitu ya Brazili huko, chini ya miti mikubwa. Kwa hiyo zinataka joto, unyevu na kivuli. Joto kwetu halinunuliwi. Kivuli, hapa natumia huu mwembe. Jua la asubuhi mpaka saa tatu linatosha, la mchana linababua majani, na hizi nyeupe ndizo zinazoungua mwanzo.

Halafu jamani, hailiwi! Si jani, si kiazi. Inawasha kama gimbi bichi, mtoto akitafuna mdomo unavimba. Weka mbali na watoto, mbali na mbuzi. Ukishaishika nawa mikono kabla hujajigusa macho.

Udongo nimeshachanganya jana, sikuchoshi: ndoo mbili za udongo mweusi, moja ya samadi iliyooza vizuri, moja ya unga wa makumbi ya nazi. Makumbi nimeyaosha mara tatu kutoa chumvi. Ndoo yetu hii hapa, ya rangi, lita 10, chini nimetoboa matundu kwa msumari wa moto... mbona... Hii haina tundu hata moja! Nimechukua ya kuogea. Subirini.

Haya, nimerudi. Matundu matano, mnayaona? Bila matundu usipande, pika maharage tu.

Sasa njoo karibu, hapa ndipo penye kazi. Ngoja nisogeze simu, kivuli changu kinaziba. Hiki ndicho kiazi chake. Upande huu laini ndio chini. Huu wenye vinundu ndio juu, na vinundu ndiyo macho. Mizizi nayo hutokea huku huku juu, kwa hiyo ukikosea ukakipindua hakifi, kinachelewa tu. Hilo lisikunyime usingizi.

Linaloninyima mimi usingizi ni hili jicho kubwa katikati. Ukiliacha, linaota lenyewe na madogo yanabaki yamelala. Unapata majani machache makubwa. Ukilitoa, madogo yote yanaamka na ndoo inajaa. Nachukua ncha ya kisu kisafi, naingiza pembeni ya jicho, nazungusha... hivi... limetoka. Tazama kina chake: nusu punje ya mahindi. Basi. Usichimbe! Jicho kubwa tu, haya mengine usiyaguse.

Na ukishatoa, usipande leo. Narudia, usipande leo. Kiweke kivulini penye hewa siku moja au mbili mpaka kidonda kikauke, kiwe na ngozi. Mimi hupaka majivu makavu kidogo, mazoea yangu tu. Mara ya kwanza nilikata viazi 12, nikapanda saa ile ile, nikamwagilia kwa mapenzi yote. Wiki ya tatu kimya. Nikafukua: uji. Harufu yake, nilifukia tena nikaingia ndani bila kumwambia mtu.

Hivi hapa nilivikata juzi. Gusa kidonda, kikavu. Hiki kikavu. Hiki... mh. Kidole kinazama, mnaona? Kimeanza kuoza. Vizuri kamera imekikamata. Hiki hakiingii kwenye ndoo, kitawaharibia wenzake. Kando.

Kupanda kwenyewe ni dakika moja. Ndoo hii viazi vitatu, macho juu, vidole vitatu vya udongo, yaani sentimita 5. Chini ya mwembe acha sentimita 25 baina ya kiazi na kiazi, na usikate mizizi ya mti.

Maji: mwagilia mara moja leo, uache. Chomeka kidole, pakiwa pabichi, ondoka. Kiazi kisicho na jani hakinywi, kinaoza. Majani yakishatoka ndipo uongeze, maana hapo yanakunywa kweli kweli. Na masika usiiweke ndoo kwenye mchirizi wa bati.

Chipukizi wiki 3 mpaka 6, usifukue kuchungulia. Mbolea iwe kidogo. Ukizidisha ya kukuzia, majani yanarudi kijani, rangi uliyoilipia inapotea. Hii hapa ina wiki tano. Tazama jani linavyotoka limejisokota kama ukili, jekundu kwa ndani. Ua likitokea nalikata, halina uzuri na linakula nguvu.

Kiangazi ikikosa maji itadondosha majani yote. Msinipigie simu mkisema imekufa! Imelala. Simamisha maji, weka ndoo pakavu, mvua zikirudi itaamka.

Ndoo iliyokwishaota nauza elfu kumi, kiazi kikavu elfu tatu, nyeupe zimebaki sita. Walio nje ya Tanga natuma kwa basi, nafunga kwenye gazeti. Msiniombe niweke kwenye nailoni: kinatoka jasho njiani, kinakufikia kimekuwa uji ule ule.