Uraia, Kabila na Haki ya Kuandamana: Somo la Wamakonde wa Kwale

Mabibi na mabwana, wazee wetu na vijana mliofika, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nililokuja kulisema nimelisema katika kumbi nyingi, na nitalirudia mpaka lisikike: hapa Kenya, waliotuonyesha vyema kuliko wote namna ya kuitumia haki ya kuandamana ni watu ambao serikali, wakati huo, haikuwahesabu kuwa Wakenya.

Nawazungumzia Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji enzi ya ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya Pwani. Wakaoa, wakazaa, wakazika wafu wao hapa, na tarehe 12 Desemba 1963 bendera ikapandishwa bila mtu kuwauliza wao ni wa nani. Kwa zaidi ya miaka 50 waliishi bila vitambulisho, na mnajua maana yake: huwezi kufungua akaunti ya benki, huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kupiga kura, na mwanao akimaliza shule anakwama palepale ulipokwama wewe.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwapa watu wasio na uraia wowote, walioishi nchini tangu uhuru, miaka 5 ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Miaka hiyo ikapita na Wamakonde bado hawana kitu mkononi. Ndipo mnamo Oktoba 2016 mamia yao walipofunga safari ya kuandamana kutoka Kwale hadi Nairobi, wazee kwa vijana. Naomba mtazame walivyofanya. Dai lao lilikuwa moja, vitambulisho, na hata mtoto angeweza kulieleza. Walijua wanamwendea nani: Rais, si mwenye duka wala mpita njia. Hawakubeba silaha. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akaagiza waandikishwe kabla ya mwaka kwisha, na mapema 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa.

Kila nikisimulia habari hii, yupo anayenyanyuka kusema kwamba mgeni hana ruhusa ya kuandamana katika nchi ya watu. Ndugu yangu, isome Katiba. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka ya umma, mradi afanye hivyo kwa amani na bila silaha. Waandishi wa Katiba walipotaka kuwawekea raia peke yao haki fulani, kama ile ya kupiga kura, walifanya hivyo waziwazi katika kifungu cha 38 kinachofuata. Hawakusahau, waliamua.

Wengine huniambia kwamba Wamakonde walifaulu kwa sababu ya upole. Kauli hiyo huniudhi, kwa sababu hutumiwa kuwanyamazisha vijana. Mtu anayetoka Kwale mpaka kwenye lango la Ikulu kudai alichoahidiwa na sheria hawezi kuitwa mpole. Anayesema kuandamana kwa kuwajibika ni kuandamana bila kumkera mkubwa yeyote, huyo hataki maandamano kabisa.

Hata hivyo, ushindi ule ulikuja na kasoro ambayo hatuisemi vya kutosha. Wamakonde walitambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya, mwaka huohuo Wakenya wenye asili ya Asia wakawa la 44, na Wapemba wakafuata 2023. Nawafurahia wote, lakini tangu lini uraia wa Kenya ukapitia kwenye kabila? Kifungu cha 14 kinasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye mama au baba yake ni raia, basi. Kifungu hichohicho kinasema mtoto anayeokotwa nchini, anayeonekana kuwa chini ya miaka 8 na wazazi wake hawajulikani, achukuliwe kuwa raia wa kuzaliwa. Katiba imempokea mtoto ambaye hakuna ajuaye ukoo wake, halafu Mnubi, mzao wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, ambaye babu yake alivaa sare za King's African Rifles, jeshi la mkoloni, kwa miaka mingi alisimamishwa mbele ya kamati ya msasa, ile ya kuwachuja waombaji wa vitambulisho, athibitishe asili yake! Na wapo Wasomali wa Garissa, raia halisi, walionyimwa vitambulisho kwa sababu alama za vidole vyao zilikutwa katika rekodi za wakimbizi, baada ya kufuata chakula cha msaada wakati wa ukame.

Mtaniuliza kuhusu maandamano ya kuwafukuza wageni. Afrika Kusini ilitupa jibu Mei 2008. Ghasia dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, mtaa wa Johannesburg, zaidi ya watu 60 wakauawa, na takriban thuluthi moja yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Umati ukijipa kazi ya kukagua uraia, hauna rejista. Unatazama sura na kusikiliza lafudhi. Kifungu cha 37 hakimlindi anayekwenda kumvunjia jirani mlango.

Naambiwa muda umekwisha, na nilikuwa na mengi kuhusu maandamano ya vijana ya kupinga Mswada wa Fedha Juni 2024 na kuhusu wahuni wenye rungu waliowavamia waandamanaji Nairobi kwa pikipiki Juni 2025. Nitasema moja tu kwa wenye kupanga maandamano. Sheria inawataka mumjulishe mkuu wa kituo cha polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla ya siku yenyewe, mkitaja saa, mahali na njia mtakayopita. Hiyo ni taarifa, si ombi la ruhusa. Ipelekeni kwa maandishi, nakala yenu igongwe muhuri, na atakayesimama mbele siku hiyo awe nayo mfukoni.