Kraken Alivyofika Kirumba

Wazee wangu, mwangaluka. Wakubwa wengine wote, shikamooni. Nanyi vijana mliotoka Igogo na Pasiansi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie picha za maajabu za miaka ya 1980. Zilikuwa nyingi. Mwaka 1982 Jim Henson na Frank Oz walitoa The Dark Crystal, picha nzima ya vikaragosi, humwoni binadamu hata mmoja. Mwaka huohuo akaja Conan, na vijana wa mtaani kwetu wakalewa misuli ya Schwarzenegger. Mimi haikunigusa sana.

Iliyonigusa ni Clash of the Titans ya 1981. Niliiona kwenye banda la video pale Kirumba, televisheni ya chogo, mkanda umechakaa mpaka mistari inapita juu ya nyuso za watu. Perseus, steringi wa picha, anaingia hekaluni, giza, mioto inawaka pembeni. Medusa, mwanamke mwenye nyoka badala ya nywele, anajikokota kwa mikono, upinde anao, mkia unachakarika kama kayamba. Akikutazama machoni, unakuwa jiwe. Sasa fikirini sisi, watoto tuliokua chini ya majabali ya Mwanza! Tulipotoka bandani tuliyatazama yale mawe ya mlimani, kila mmoja anajiuliza lile lilikuwa nani.

Medusa yule alikuwa kisanamu. Ray Harryhausen alikisogeza kidogo, akapiga picha, akakisogeza tena, na sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Kila nyoka wa kichwani naye asogezwe. Hiyo ndiyo filamu ndefu ya mwisho aliyoifanyia kazi. Kompyuta za leo zinatengeneza majoka makubwa zaidi, lakini kisanamu kile kilimulikwa na taa ya kweli, kikatupa kivuli cha kweli, na mtoto anakihisi kivuli hata kama hajui kukieleza.

Tena tulikuwa na mkalimani. Alisimama kando ya televisheni akitusimulia, na Kraken, dubwana la baharini, alipoibuka majini yeye hakumwita Kraken. Alimwita Shing'weng'we, zimwi la hadithi zetu za Kisukuma. Steringi akawa Masala Kulangwa. Banda zima likaelewa papo hapo, maana wote tulikuwa tumeshasimuliwa zimwi lililomeza watu wote, akabaki mama mjamzito aliyejificha, na mtoto wake ndiye akaja kuliua. Perseus naye si alitupwa baharini na mama yake, wawili tu, ndani ya sanduku la mbao? Mkalimani yule alijua anachofanya, na ninamheshimu mpaka leo.

Usiku nilimsimulia bibi picha yote, toka mji wa Argos ulipozamishwa hadi Kraken alipoonyeshwa kichwa cha Medusa, akageuka jiwe, akapasuka, akaporomokea majini. Akaniuliza, "Na wale wa Argos, walitoka?" Masala Kulangwa alipolipasua zimwi, watu walitoka, wazima. Nikamjibu, "Hapana, bibi, hawakutoka." Akanyamaza kidogo, akasogeza kuni, akaanza upya, toka pale mama anapojificha.