Skafu Moja ya Sufu, Baridi Yote ya Mbeya

Kamwene watu wa Iringa na Njombe, ugonile watu wa kwetu Mbeya, na nyie wa Songea na Sumbawanga msinune, baridi yenu naijua. Nipo Glasgow, Uskoti. Hapo dirishani nyuma yangu mnaona rasharasha inayokuja kwa ubavu badala ya kutoka juu, kwa hiyo leo sitembezi kamera mtaani. Tunakaa humu ndani na skafu.

Najua sasa hivi kwenu ni mvua na mahindi ndiyo yanapandwa, hamna habari na baridi. Ndiyo maana nazungumza sasa. Juni kila mtu anaitafuta skafu na bei inachangamka. Halafu ikifika Juni mnaanza: shangazi nitumie koti, dada nitumie koti. Jamani, koti la huku la nini? Hapa siku ikiamka na baridi inalala na baridi, koti linafanya kazi kutwa. Kwetu Julai asubuhi joto linashuka chini ya nyuzi 10, mchana linapita 20. Mtu katoka Uyole saa kumi na mbili amevaa koti la manyoya, saa saba yuko Mwanjelwa jua linamchoma, koti kalikumbatia mkononi na mkoba juu yake. Siku yetu moja ina majira mawili, inataka nguo ya kuvuliwa upesi ikaingia kwenye pochi. Vaa sweta jepesi na jaketi lako la kila siku, kisha ziba shingo. Hapo shingoni ndipo joto la kifuani linapotokea, ukipaziba umemaliza nusu ya kazi.

Lakini iwe sufu kweli. Sufu ina nyuzi zilizojikunja zenyewe, hewa inanasa katikati yake, na hiyo hewa ndiyo inayokupa joto. Tena inanywa unyevu mpaka karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa. Ukipanda mlima asubuhi ukatoka jasho, sufu inalimeza. Akriliki, ule uzi wa kiwandani unaoiga sufu, hailimezi, jasho linabaki kwenye ngozi, ukisimama tu kituoni linapoa na wewe unaanza kutetemeka.

Wala msiniagize. Sufu nzuri ipo hapo hapo kwenye mitumba. Watu wa huku wanapeleka nguo kwenye maduka ya hisani, zisizonunuliwa zinauzwa kwa wafanyabiashara, zinafungwa belo na kupanda meli. Skafu unayoiruka pale kwenye turubai huenda ilishapigwa na upepo wa mtaa huu huu. Tafuta lebo, iwe imeandikwa "wool" na asilimia yake. Au ile alama ya Woolmark, kama kitonge cha uzi kilichosokotwa, ipo tangu 1964. Kama lebo imekatwa, na mara nyingi imekatwa, lipa kwanza, kisha ukiwa nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye matamvua uuguse na kiberiti. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima, majivu yanasagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ukishachoma mara moja mbili, mkono wako unaanza kuzijua kwa kugusa tu, hutahitaji kiberiti tena.

Urefu pima kwa mikono yako. Shika ncha, nyoosha mikono yote miwili: ikifika pima moja, chukua. Fupi kuliko hapo inafunga fundo moja tu na haina ujanja mwingine. Upana shubiri moja na kidogo. Rangi nitawaambia bila kuficha: acheni zile za maua na nyota. Chukua ya rangi moja, kijivu, kahawia, bluu ya giza au nyekundu ya damu ya mzee. Drafti za Kiskoti ni nzuri, huku wanazivaa sana, lakini hazipatani na kitenge.

Na kitenge ndiyo nguo yetu, kwa hiyo tuanze nacho. Sogeeni karibu. Hiki changu kina manjano mengi, bluu, na hapa pembeni tunduara tudogo twa kahawia. Wengi watachukua skafu ya manjano. Mimi nachukua hii ya kahawia, rangi iliyo chache kwenye kitambaa, na tazama gauni linavyotulia. Sasa sifungi fundo. Naikunja mara mbili kwa urefu, naipitisha nyuma ya shingo, ncha zote mbili naziingiza kwenye kile kitanzi kilichobaki upande wa pili, navuta taratibu mpaka inakaa chini ya kidevu bila kunikaba. Halafu, wengi hawafanyi hivi, naingiza vidole viwili ndani ya kitanzi nailegeza kidogo mbele, nyuma inabaki imebana. Upepo hauingii na shingo ya gauni bado inaonekana. Kama fundi alikushonea shingo yenye urembo, usiifunike, ndiyo uliyomlipia.

Kwenye sendofu usiku usiizungushe kabisa. Ifungue yote, itande mabegani kama bibi zetu wanavyojitanda khanga, bana na bruchi bega moja.

Wanaume, msiondoke. Ukiwa na suti ya kanisani, skafu inalala bapa chini ya koti, upande huu juu ya ule, kama kola ya pili. Fundo kubwa juu ya tai linakufanya uonekane mgonjwa wa koo. Ukiwa na shati na sweta la shingo ya V, zungusha mara moja, ncha ziingie ndani ya sweta. Mwalimu anayeandika ubaoni atanishukuru, chaki haitaishia kwenye matamvua.

Hali ya hewa nayo si moja. Makete na kule Kitulo, Juni na Julai unaamka majani yameganda meupe, huko zungusha mara mbili mpaka masikioni na usione haya. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mnajua wenyewe. Iringa tatizo ni upepo na vumbi zaidi, skafu ipande ifunike pua. Tukuyu ni mvua, basi skafu iwe chini ya koti la mvua, isiwe juu. Ikipata manyunyu si kitu, ikung'ute tu. Ikilowa chapachapa haina msaada, ivue.

Sasa bodaboda. Hapa sitaki utani. Skafu yenye ncha zinazopepea ikinaswa na tairi au mnyororo inakaba shingo ndani ya nukta moja, sawa na khanga na madera tunayoyasikia kila siku. Kabla hujapanda, ncha zote ndani ya jaketi, zipu juu mpaka mwisho. Matamvua marefu kata, uzuri wake haulipi. Na mtoto mdogo mgongoni usimfunge skafu shingoni hata siku moja, mvalishe kofia na sweta la kola ndefu.

Wanaowashwa na sufu, si mzio kila mara, mara nyingi ni nyuzi nene zinazochoma ngozi. Sufu ya kondoo wa merino ni nyembamba, unene wa uzi ni chini ya maikroni 24 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), haichomi sana. Ukiikosa, acha kola ya shati isimame kati ya sufu na ngozi. Dada zangu wa hijabu mko salama tayari, pamba iko chini, skafu inakuja juu na kuishia ndani ya kola ya koti.

Kufua: maji ya baridi, shampuu kidogo, usifikiche wala usikamue. Maji ya moto na kufikicha vinaifanya ijishike yenyewe, inatoka ndogo na nene kama zulia la mlangoni, na hairudi. Sabuni ya unga iacheni kwa mashuka. Ikunje ndani ya taulo, ikanyage, kisha ilaze bapa kivulini. Usiitundike kambani, maji yataivuta. Baridi ikiisha, ifue kwanza ndipo uihifadhi, maana nondo wa nguo hutaga kwenye sufu yenye jasho na watoto wao ndio wanaotoboa. Mfuko uliofungwa kabisa unatosha.

Kaka wa Makambako anayenisumbua kuhusu kofia za mizula, zamu yako ni video ijayo. Hapa jua linazama kabla ya saa kumi alasiri na bado sijaenda dukani. Haya, tuonane.