Redio ya Programu Huanzia kwenye Antena

Ndugu wahandisi, walimu wenzangu na wanafunzi,

Tangu mhandisi Joseph Mitola alipoeneza wazo la redio ya programu mwanzoni mwa miaka ya 1990, imezoeleka kusemwa kwamba humo kila kitu ni programu: ukitaka kupokea FM unapakia programu yake, ukitaka kusoma taarifa za meli unapakia nyingine, na kifaa kinabaki kilekile. Kauli hiyo ni kweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu wabunifu wengi.

Chukueni mtu wa hapa Dar es Salaam anayetaka kupokea taarifa za utambulisho za meli zinazosubiri kuingia bandarini, ambazo hurushwa katika megahezi 161.975 na 162.025. Mawimbi hayo humfikia yakiwa hafifu, ilhali vituo vya FM, vilivyo kati ya megahezi 87.5 na 108, hurusha kwa nguvu kubwa kutoka minara iliyo jirani naye. Kigeuzi, yaani sehemu inayobadili mawimbi kuwa namba, kikiwa cha biti 8 kama kilichomo katika vipokezi vya USB vya bei nafuu, kinadharia hubeba tofauti ya takriban desibeli 50 tu (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu) kati ya wimbi kubwa na dogo; cha biti 12 hufikia 74. FM ikishakilemea kikuzaji au kigeuzi, hakuna programu itakayorudisha kilichopotea kabla ya kuifikia.

Dalili yake ni vilele vinavyojitokeza kwenye skrini mahali pasipo na kituo chochote. Wekeni kipunguza nguvu cha desibeli 10 kwenye mlango wa antena: wimbi la kweli litashuka desibeli 10, lakini la uongo, lililozaliwa na mchanganyiko wa daraja la tatu, yaani mawimbi makubwa kuchanganyika ndani ya kipokezi kilicholemewa, litashuka kama 30. Nalipenda jaribio hili kwa sababu halidai kifaa cha mamilioni. Dawa ni kichujio cha kuzuia FM, nacho kikae kabla ya kikuzaji. Wanaokimbilia kununua kikuzaji kwanza hulikuza tatizo lenyewe.

Kuhusu kasi ya sampuli, yaani mara ngapi kwa sekunde kigeuzi hupima wimbi, msiipandishe kwa kuwa tu kifaa kinaruhusu. Sampuli milioni 20 kwa sekunde, kila moja ikiwa na sehemu mbili za baiti 2, ni megabaiti 80 kwa sekunde, ilhali ukomo wa kinadharia wa USB 2.0 ni 60. Chaneli zote mbili za meli huenea katika kilohezi 75 tu, hivyo sampuli 250,000 kwa sekunde zinatosha kabisa.

Kurusha ni suala jingine, nalo linahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Leo tunapokea tu: kichujio kiko hapa mezani, nasi tutaanza bila kukiunganisha.