Steaua Bucureşti 1985/86: msimu mzima nyuma ya penalti nne

Ndugu zangu wapenzi wa soka, asanteni kwa kuitikia mwaliko.

Ukiwatajia watu Steaua, klabu ya Bucureşti, mji mkuu wa Romania, ya mwaka 1986, wengi hukumbuka picha moja tu: Helmuth Duckadam, kipa mrefu mwenye masharubu, anapangua penalti nne mfululizo za Barcelona mjini Sevilla, Hispania, katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Picha hiyo naipenda. Nisichokubaliana nacho ni maelezo yanayofuatana nayo, kwamba ile ilikuwa ngekewa ya usiku mmoja, kwamba Barcelona walikosa penalti na Waromania wakaokota kombe. Nimesikia hayo kwa watu wanaoijua soka vizuri, na ndiyo sababu ya mimi kusimama hapa leo. Kombe lile lilitafutwa kuanzia Septemba 1985 hadi Mei 1986. Tukiufuata msimu mzima, tutaona jinsi timu ile ilivyofika Sevilla na kwa nini ilicheza vile ilivyocheza.

Tuanze nyumbani. Divizia A, ligi kuu ya Romania, ilikuwa na timu 18, mechi 34, na ushindi ulikuwa na pointi mbili. Steaua ilikuwa klabu ya jeshi, iliyoanzishwa mwaka 1947. Mpinzani wake mkubwa, Dinamo Bucureşti, ilikuwa klabu ya Wizara ya Mambo ya Ndani, maana yake ya polisi na usalama wa taifa. Sisi wa Afrika Mashariki tunazijua timu za majeshi, tuna JKT Tanzania, Ulinzi Stars ya Kenya na APR ya Rwanda, kwa hiyo tunaelewa mchezaji anayevaa jezi Jumamosi huku akiwa na cheo jeshini. Lakini kule uzito wake ulikuwa mwingine. Jeshi liliweza kumwita kijana kwa jina la utumishi wa lazima, na klabu yake ya mkoani ikabaki inatazama.

Ndivyo sehemu ya kikosi kile ilivyokusanywa. Duckadam alitoka UTA Arad, magharibi kabisa karibu na mpaka wa Hungaria. Kiungo László Bölöni alitoka Târgu Mureş, na soka hakikuwa kitu pekee alichokijua, kwani alisomea udaktari wa meno. Marius Lăcătuş, winga mwenye kasi na hasira, alitoka Braşov. Victor Piţurcă, mfungaji, alitoka FC Olt ya Scorniceşti, na Scorniceşti ndiko alikozaliwa Nicolae Ceauşescu, mtawala wa nchi. Nyuma yao alisimama Miodrag Belodedici, beki wa mwisho, kijana mdogo aliyetoka na mpira miguuni kwa utulivu ambao mabeki wengi wa zama zile hawakuwa nao.

Angalieni pia asili zao. Duckadam alikuwa wa jamii ya Wajerumani wa Romania, Bölöni na kocha Emerich Jenei walikuwa wa jamii ya Wahungaria, Belodedici wa jamii ya Waserbia. Serikali ya Ceauşescu ilihubiri utaifa wa Kiromania kila siku, na makundi madogo yalibanwa. Timu iliyokuja kuiletea serikali hiyo fahari kubwa kuliko zote ilijengwa na watu wa makundi hayohayo.

Nchi yenyewe ilikuwa katika hali ngumu. Ceauşescu alikuwa ameamua kulipa deni lote la nje, chakula kikasafirishwa kuuzwa nje, wananchi wakapanga foleni za mkate na nyama. Umeme na joto la majumbani vilipunguzwa wakati wa baridi kali. Televisheni ya taifa ilirusha matangazo kwa takribani saa mbili tu kwa siku. Mechi ya mpira katika hali hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo machache ambayo mtu hakujua mwisho wake kabla hayajaanza.

Steaua waliingia Kombe la Klabu Bingwa kwa sababu walitwaa ligi ya 1984/85, ubingwa wao wa kwanza tangu mwaka 1978. Na mwaka 1978 kocha alikuwa nani? Jenei huyuhuyu. Alikuwa mtu mpole aliyependa pasi fupi na subira, na msaidizi wake alikuwa Anghel Iordănescu, mshambuliaji mkubwa wa zamani wa klabu. Mkumbuke jina la Iordănescu, tutamrudia.

Msimu wa vuli ule haukuwa mzuri kwa soka ya Romania kwa ujumla. Katika Kombe la UEFA, Dinamo walitolewa mapema na Vardar ya Skopje, na Sportul Studenţesc wakatolewa na Neuchâtel Xamax ya Uswisi, ingawa Sportul walikuwa na kijana aitwaye Gheorghe Hagi, aliyemaliza msimu ule mfungaji bora wa ligi kwa mabao 31. Universitatea Craiova waliwatoa Monaco katika Kombe la Washindi, lile la timu zilizotwaa makombe ya nchi zao, kisha wakakutana na Dynamo Kyiv, waliokuja kulitwaa kombe lenyewe, na safari ikaishia hapo. Mwezi Oktoba timu ya taifa ilifungwa 1-0 na Ireland Kaskazini mjini Bucureşti, na mwishowe nafasi ya kwenda Kombe la Dunia Mexico ikapotea. Imebaki Steaua peke yake.

Sasa tuzitazame mechi zao, maana hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mashindano yale hayakuwa na makundi. Ulikuwa mtoano tangu raundi ya kwanza, mikondo miwili, na kosa moja lilikurudisha nyumbani. Raundi ya kwanza walienda Denmark wakatoka sare ya 1-1 na Vejle, wakarudi Bucureşti wakashinda 4-1. Raundi ya pili walipangwa na Honvéd ya Budapest, timu ya jeshi la Hungaria. Wakafungwa 1-0 ugenini, wakashinda 4-1 nyumbani. Nusu fainali, Anderlecht ya Ubelgiji, waliokuwa wamewatoa Bayern München, iliwafunga 1-0 mjini Brussels kwa bao la Enzo Scifo. Bucureşti ikawa 3-0.

Jumlisheni wenyewe, pamoja na robo fainali ambayo nitaieleza baada ya hapa. Mechi nne za nyumbani, mabao 11. Mechi nne za ugenini, mabao mawili. Fainali, sufuri. Timu ile ilijua inachofanya. Ugenini ilifunga milango, ikapoza mchezo, ikakubali hata kupoteza kwa bao moja. Tukumbuke kwamba siku zile kipa aliruhusiwa kudaka pasi ya makusudi ya beki wake, na Steaua waliitumia ruhusa hiyo kikamilifu. Nyumbani ilifungua kila kitu. Anayeshangaa kwamba kule Sevilla Steaua walicheza dakika 120 bila bao hajatazama walivyocheza Brussels na Budapest. Fainali kwao ilikuwa mechi ya ugenini, na waliicheza kama mechi ya ugenini.

Nimeiruka robo fainali kwa makusudi, kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mpinzani alikuwa Kuusysi Lahti ya Finland, na kila mtu aliiona kama zawadi. Mkondo wa kwanza Bucureşti, mwezi Machi, ulimalizika suluhu. Hiyo ndiyo mechi pekee ya nyumbani ambayo Steaua hawakushinda safari nzima. Wakasafiri kwenda Finland kwenye baridi, mbele ya timu isiyokuwa na cha kupoteza. Dakika zikayoyoma, bado 0-0, ikibaki kidogo kwenda muda wa nyongeza. Ndipo Piţurcă akafunga. Bao moja, mwishoni kabisa. Likikosekana lile, hakuna Duckadam tunayemjua. Mimi nalihesabu kuwa bao zito kuliko mawili aliyowafunga Anderlecht, ingawa yale ya Anderlecht ndiyo yanayorudiwa kwenye filamu.

Kuhusu Anderlecht niseme hili tu. Piţurcă alifunga bao la kwanza katika dakika za mwanzo kabisa, Gabi Balint akaongeza kabla ya mapumziko, Piţurcă tena kipindi cha pili. Kwa jioni ile, nadhani hakuna timu Ulaya ambayo ingetoka salama Bucureşti.

Siku kumi tu baadaye, tarehe 26 Aprili, kinu cha Chernobyl kikalipuka, si mbali sana na mpaka wa Romania. Timu ilijiandaa kwa fainali kubwa ya maisha yake huku wingu la mionzi likipita juu ya Ulaya Mashariki.

Sevilla, tarehe 7 Mei 1986, uwanja wa Ramón Sánchez Pizjuán. Watazamaji walikuwa wapatao 70,000, karibu wote wa Barcelona. Waromania wa kawaida hawakuwa na pasipoti za kusafiria mpira. Barcelona ya kocha Terry Venables ilikuwa imewatoa Juventus, mabingwa watetezi, na kombe hilo ilikuwa haijawahi kulitwaa. Mwaka 1961 ilifika fainali ikafungwa na Benfica. Kwa hiyo mzigo wote wa matarajio ulikuwa upande mmoja.

Steaua walimkosa nahodha wao, Tudorel Stoica, aliyekuwa amefungiwa. Mtu kama huyo akikosekana katikati ya uwanja, timu hupwaya. Jenei alifanya nini? Dakika ya 72 alimwinua benchi msaidizi wake mwenyewe, Iordănescu, aliyekuwa ametimiza miaka 36 siku tatu kabla. Kocha msaidizi akavua suti ya mazoezi akaingia kucheza fainali ya Ulaya. Kazi yake ilikuwa kuushika mpira, kuutuliza, kuwapumzisha vijana. Upande wa pili Venables alimtoa Bernd Schuster, kiungo wake bora, na Schuster kwa hasira akaondoka uwanjani kabla mechi haijaisha. Nawaachia mlinganishe mabenchi hayo mawili.

Mchezo haukupendeza, nakiri. Mwamuzi Michel Vautrot wa Ufaransa akapuliza filimbi, 0-0, twende kwenye matuta.

Watu husahau kwamba Steaua walianza vibaya. Majearu wa Steaua akapiga, kipa wa Barcelona, Urruti, akapangua. Bölöni akapiga, Urruti akapangua tena. Kama Duckadam angezikosa mbili za kwanza, habari ingekuwa imekwisha. Lakini alimzuia Alexanko wa Barcelona kuliani kwake. Akamzuia Pedraza kuliani. Lăcătuş akapiga kwa nguvu zake zote, mpira ukagonga mwamba na kuingia. Akaja Pichi Alonso, aliyefunga mabao matatu katika nusu fainali dhidi ya Göteborg. Kulia tena, akazuia. Balint akafunga, 2-0. Akaja Marcos. Duckadam mwenyewe alieleza baadaye kwamba kila mara alijaribu kufikiri mpigaji anafikiri nini: kipa ameruka kulia mara moja, bila shaka sasa atabadili, ameruka mara mbili, bila shaka sasa. Safari ya nne akabadili kweli, akaruka kushoto, na mpira ukawa kushoto. Hiyo ni akili ya mtu aliyetulia mbele ya watu 70,000 wanaompigia mluzi.

Hapo Steaua ikawa klabu ya kwanza ya Ulaya Mashariki kutwaa kombe lile. Bucureşti watu walimwagika barabarani usiku, katika nchi ambayo mikusanyiko isiyoitishwa na chama ilikuwa hatari.

Wakarudi, wakamaliza ligi wakiwa mabingwa. Kisha wakacheza fainali ya Kombe la Romania na Dinamo, ambao sasa walifundishwa na Mircea Lucescu. Wakafungwa 1-0. Mabingwa wa Ulaya, wiki chache baada ya Sevilla, hawakuweza kuchukua kombe la kwao. Mimi naliona jambo hili kuwa ushahidi bora kuliko wote kwamba Steaua haikuwa timu moja nzuri katika nchi isiyo na soka. Ilinolewa na wapinzani waliokuwa na uwezo wa kuifunga.

Mtaniuliza kuhusu upendeleo, na mna haki. Valentin, mtoto wa Ceauşescu, alikuwa karibu na klabu, na miaka iliyofuata nyumbani kulikuwa na mambo ya aibu. Fainali ya kombe ya mwaka 1988 Steaua walitoka uwanjani baada ya bao lao kukataliwa kwa kuotea, na bado kombe wakapewa. Rekodi yao ya kucheza mechi 104 za ligi bila kufungwa, kati ya 1986 na 1989, haiwezi kusomwa bila kukumbuka hayo. Lakini Kuusysi, Anderlecht na Barcelona hawakuwa chini ya amri ya mtu yeyote wa Bucureşti.

Duckadam hakuifaidi rekodi hiyo. Kiangazi kilekile cha 1986 damu iliganda katika mkono wake wa kulia, na maisha yake katika soka ya juu yakaisha akiwa na miaka 27. Kwa kuwa magazeti hayakuwa huru kueleza, uvumi ukajaza nafasi, ukisema kwamba watu wa familia ya mtawala walimvunja mikono. Yeye mwenyewe aliukanusha mara nyingi. Alirudi kucheza kidogo Arad, na akafariki Desemba 2024. Belodedici alikimbilia Yugoslavia mwaka 1988, akatwaa kombe lilelile na Crvena zvezda ya Beograd mwaka 1991, tena kwa penalti, na safari hii mojawapo alipiga yeye akafunga. Hagi alijiunga na Steaua mapema mwaka 1987, na katika mechi yake ya kwanza akafunga bao pekee la Kombe la Super la Ulaya, mechi ya bingwa wa Klabu Bingwa na bingwa wa Kombe la Washindi, dhidi ya Dynamo Kyiv mjini Monaco.

Klabu mbili, FCSB na CSA Steaua ya jeshi, zimekuwa zikigombania mahakamani historia ya msimu huu niliowasimulia. Ningeweza kuwaeleza hoja za kila upande, lakini muda wangu umekwisha, na naona mikono imeanza kuinuliwa kule nyuma. Karibuni kwa maswali.