Mtaro Huu Uliamuliwa Wapi?

Mhadhara uliotolewa kwa wakazi na wenyeviti wa mitaa, Mwanga, Kigoma

Shikamoni wazee wangu. Mama zangu, wenyeviti wa mitaa, vijana mliotoka Gungu na Ujiji, habari za mchana. Asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nieleze namna halmashauri ya manispaa inavyofikia maamuzi yake kuhusu makazi, barabara, mitaro na viwanja. Nimefanya kazi ya mipango miji kwa muda mrefu, na lalamiko nililolisikia kuliko yote ni hili: tumeshtukia tu katapila limefika. Mzee amekaa kibarazani kwake, anaona vijana wamevaa refleta wanapiga rangi nyekundu ukutani, anaambiwa hapa unapita mtaro. Anauliza nani kaamua. Halmashauri. Anakwenda kwa diwani, diwani anasema hizo ni kazi za TARURA, wakala wa serikali wa barabara za mijini na vijijini. Anakwenda TARURA, anaambiwa mchoro ulipitishwa siku nyingi na watu walishirikishwa. Kila aliyemjibu amesema kweli, na mzee anarudi nyumbani hajui amlilie nani.

Ninachotaka mwondoke nacho leo ni kwamba uamuzi wa halmashauri una safari ndefu, na mahali ambapo mwananchi ana nguvu ya kuugeuza ni mwanzoni mwa safari hiyo, mtaani kwake. Ukifika Baraza la Madiwani, mara nyingi umeshakomaa. Kule unapigiwa muhuri.

Kwanza historia kidogo, kwa sababu vijana wengi hawaijui. Mwaka 1972 nchi yetu ilizifuta serikali za mitaa. Tukaingia kwenye utaratibu ulioitwa madaraka mikoani, na mambo ya miji yakawa yanaamuliwa na watumishi wa serikali kuu. Wazee mliopo hapa mnakumbuka hali ya miji ilivyokuwa: taka hazizolewi, mitaro imeziba, maji ya bomba ya kubahatisha. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba halmashauri za miji zilirudishwa mapema, mwaka 1978, kabla ya zile za wilaya. Kisha mwaka 1982 zikatungwa sheria ambazo, pamoja na marekebisho mengi, ndizo zinazotuongoza hadi leo. Na Katiba, ibara ya 146, inasema wazi kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hiyo ndiyo sababu ya ofisi ile kuwepo.

Sasa tuingie ndani ya jengo. Baraza lina madiwani wa kata, kwetu kata ni 19, pamoja na madiwani wa viti maalumu na mbunge. Mstahiki Meya anachaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza. Hapo pana jambo la kulitazama vizuri. Diwani anatoka kwa wananchi, lakini karatasi anayoisoma kikaoni imeandikwa na wataalamu walio chini ya mkurugenzi.

Karatasi yenyewe ni kabrasha. Sijui ni wangapi hapa mmewahi kulishika. Ni rundo la kurasa lililobanwa pembeni, ndani yake mna muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo, halafu taarifa za idara moja baada ya nyingine: afya, elimu, mipango miji, maendeleo ya jamii, fedha. Taarifa nyingi ziko kwenye majedwali. Jina la mradi, kiasi kilichotengwa, kiasi kilichopokelewa, hatua iliyofikiwa, maoni. Mtaa wenu wote, na vumbi lake na watoto wake wanaovuka mfereji kwenda shule, umo ndani ya mstari mmoja wa jedwali, na kwenye safu ya maoni pameandikwa "kazi inaendelea". Diwani anapewa kabrasha siku chache kabla ya kikao. Ana kata yake, ana misiba, ana biashara yake ya dagaa au duka. Kama hakuna mtu wa mtaani aliyemwambia kwamba mstari ule hauko sawa, atajuaje? Atapitisha.

Kabla ya Baraza kuna kamati za kudumu. Inayogusa mada yetu zaidi ni Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ikifuatiwa na ile ya Fedha na Uongozi. Mabishano ya kweli hufanyika humo, mchoro ukiwa mezani na afisa akiulizwa kwa nini barabara imepinda pale. Vikao vya Baraza viko wazi, mwananchi yeyote anaweza kuingia akakaa akasikiliza, ingawa haruhusiwi kuchangia. Vya kamati kwa kawaida havina wasikilizaji. Kwa hiyo jambo lako likishaingia kwenye kamati, mdomo wako ni diwani wako, na atasema tu kile ulichomwambia kabla.

Na kabla ya kamati kuna kata, na kabla ya kata kuna mtaa. Mkutano wa mtaa unaibua mahitaji. Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu, inapanga kipi kitangulie. Hapo ndipo mambo mengi hufa kimya kimya. Mitaa ikileta maombi mengi na bajeti inatosha machache, maombi yaliyoandikwa vizuri ndiyo yanayopona. "Tunaomba barabara" ni ombi jepesi kulitupa. "Tunaomba kalavati mbili na mtaro kutoka shuleni hadi barabara ya lami, kwa sababu masika watoto wa madarasa ya chini hawavuki" ni ombi ambalo mtu akilitupa itambidi aeleze.

Kuna kalenda pia. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Bunge linajadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni. Ili hilo liwezekane, Baraza letu linakuwa limepitisha makadirio yake miezi kadhaa nyuma, na mitaa na kata zinakuwa zimemaliza kuibua vipaumbele mapema zaidi ya hapo. Anayekuja mwezi wa tano na ombi la mtaro amechelewa mwaka mzima, hata kama mvua imembomolea ukuta wiki iliyopita. Ni jambo chungu, maana hapa kwetu mvua ndiyo inayotukumbusha mtaro. Mkutano wa mtaa wa kiangazi, wakati hakuna anayewaza maji, ndio mkutano wa mtaro.

Sasa niseme neno kuhusu mamlaka, maana hapa ndipo watu wanapochoshwa. Halmashauri ya leo haishiki kila kitu ilichokuwa inashika zamani. Tangu Julai 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Maji ni ya mamlaka ya maji. Kodi ya majengo, iliyokuwa chanzo cha mapato cha halmashauri, ilihamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, mwaka 2016, na tangu 2021 unakatwa kila mwezi ukinunua umeme wa LUKU. Mimi nasema bila kuficha kwamba jambo hili limewapunguza nguvu madiwani. Mtu anayelipa kodi ya nyumba yake ofisi ya manispaa ana pa kugonga meza na kuuliza mtaro uko wapi. Anayekatwa kwenye umeme hajui hata amuulize nani.

Lakini halmashauri haijaishiwa. Bado ndiyo mamlaka ya upangaji. Inatoa vibali vya ujenzi, inaamua soko likae wapi, stendi ikae wapi, eneo lipi libaki wazi na lipi ligawiwe viwanja. TARURA anajenga barabara, ila njia ya barabara hiyo inatoka kwenye mchoro wa mipango miji. Ndiyo maana nawaambia, tafuteni mchoro.

Nieleze mchoro unavyoonekana, kwa sababu watu wanauogopa. Ni karatasi kubwa yenye vipande vyenye namba, kila kipande kiwanja, na rangi zinazoonyesha matumizi: makazi, biashara, taasisi, maeneo ya wazi. Kwenye mitaa yetu iliyojengwa kabla ya kupimwa, zoezi linaitwa urasimishaji. Wapimaji wanachukua nyumba zilizopo, wanaziweka kwenye ramani, halafu wanatafuta njia kati yake. Mchoro unaletwa ofisi ya mtaa, unabandikwa ukutani, watu wanasogea na vidole kutafuta nyumba zao. Nimeyaona haya mara nyingi. Anayeipata nyumba yake ikiwa nzima anatabasamu na kuondoka. Anayekuta mstari wa njia umepita kwenye choo chake au jiko lake anabaki pale. Na yule aliyetabasamu ndiye anayehitajika zaidi kubaki, kwa sababu njia ikisogezwa kumwokoa jirani itasogea upande wake, na makubaliano hayo yanapaswa kufanywa na wote wawili wakiwa wamesimama mbele ya ukuta ule. Katika urasimishaji watu huachia kipande cha ardhi ili njia ipatikane, na kwa kawaida bila fidia. Mtu akiachia kwa kukubaliana, anapata njia ya kuitoa maiti na kuingiza gari la zimamoto. Akiachishwa bila kujua, anaanzisha kesi watakayoirithi wajukuu.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wenye ardhi waitwe mkutanoni kabla eneo halijapangwa. Tatizo letu ni kwamba mkutano unaitwa, wanakuja watu wachache, karatasi ya mahudhurio inasainiwa, na saini hizo zinakuwa ushahidi kwamba mtaa mzima ulishirikishwa. Mzee wa kibarazani niliyemtaja huenda hakuwepo siku hiyo. Pengine tangazo lilibandikwa mahali asipopita, na hapo lawama ni ya ofisi. Tangazo la mkutano wa mchoro lipite msikitini, kanisani, sokoni na mwaloni wanakotua wavuvi, na liseme waziwazi kwamba nyumba za watu zitajadiliwa.

Jambo la ziwa siwezi kuliruka. Miaka hii tumeona Ziwa Tanganyika likipanda na kuingia kwenye nyumba na biashara za watu, Kibirizi na upande wa Ujiji. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sasa jiulizeni: ukingo ukisogea, mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi? Na aliyejenga akiwa mbali na maji, maji yakamfuata, yeye ni mvamizi? Kwangu mimi, mtu wa namna hiyo anastahili kiwanja kilichopimwa juu, chenye njia na maji, kabla ya kuambiwa ahame. Mvuvi hawezi kupelekwa mbali na mwalo kisha tukashangaa amerudi. Huo ni uamuzi wa mipango miji, uko ndani ya uwezo wa Baraza, na unahitaji kuingizwa kwenye bajeti sasa, maji yakiwa yametulia.

Nimalizie na fidia, maana naona nyuso zinaningoja hapo. Serikali ikitwaa ardhi yako kwa mradi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ulipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Fidia si bei ya matofali peke yake. Kuna thamani ya ardhi na ulichoendeleza juu yake, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya pango ya miezi 36, kuna usafiri wa mizigo ya tani 12 hadi umbali wa kilomita 20, na kama ulikuwa na biashara kuna faida uliyoipoteza. Malipo yakipita miezi sita, riba inaanza kuhesabiwa. Uthamini wenyewe una uhai wa miaka miwili. Mthamini akija, uwepo nyumbani. Hesabu naye miti, michikichi na miembe yote. Fomu isiyojazwa usiisaini hata kama anayekuletea ni mtu wa kwenu, na nakala ubaki nayo. Miradi mikubwa ya mkopo wa Benki ya Dunia, kama TACTIC, mradi wa kuboresha miundombinu ya miji, inayoendelea sasa kwenye miji 45 ya nchi hii na wetu ukiwemo, inatakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko ya waathirika. Uliza mapema nani anayapokea mtaani kwako.

Na niseme hili kwa wenyeviti. Mwaka 2016 manispaa yetu ilichaguliwa kuwa moja kati ya serikali 15 za ngazi ya chini duniani zilizoingia kwenye majaribio ya mpango wa kimataifa wa uwazi serikalini, pamoja na majiji kama Paris na Seoul. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa kwenye mpango huo, nasi tukatoka. Niliumia. Lakini hakuna mkataba wa kimataifa unaohitajika ili mwenyekiti wa mtaa abandike nje ya ofisi yake orodha ya miradi iliyopitishwa, fedha zake, na jina la mkandarasi. Inahitajika karatasi na gundi, na diwani wa kuidai orodha hiyo kwa mkurugenzi kila robo mwaka. Mkianza hata mitaa mitano, ya sita itaulizwa na watu wake kwa nini ukuta wake ni mtupu.

Mama pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja kiwanja. Tuanze na yeye.